Posho, Pumba na Wakazi wa Tumboni



Leo ninakuomba tuanze na neno ambalo wewe mwanafunzi wa Uganda unalitamka karibu kila siku bila kulichunguza: posho. Ukienda Dar es Salaam au Mombasa ukamwambia mwenye mgahawa akupakulie posho, atakutazama kwa mshangao. Kwao posho ni fungu la chakula au la fedha analopewa mtu aliye kazini au safarini. Askari hupewa posho. Mjumbe wa mkutano hulipwa posho. Chakula chenyewe, yaani unga uliosongwa katika maji yanayochemka, wao hukiita ugali. Hapa kwetu jina la fungu limekuwa jina la chakula, na jambo hilo halikutokea kwa bahati. Lilitokea kwa sababu wazee wetu wengi walikutana na unga wa mahindi kwanza kama mgawo: kambini, gerezani, kwenye kazi za vibarua na katika shule za bweni.

Sasa chukua maneno mengine matatu. Watanzania hutofautisha dona na sembe. Dona ni unga wa mahindi yaliyosagwa pamoja na ganda lake na kiini chake. Rangi yake si nyeupe sana na ladha yake ni nzito. Sembe ni unga wa mahindi yaliyokobolewa kwanza, mweupe na laini. Kile kinachoondolewa wakati wa kukoboa huitwa pumba, nacho hupewa kuku na nguruwe. Tena vijana wa mjini wakitaka kumdharau msemaji husema kwamba anaongea pumba, yaani maneno yasiyo na thamani.

Katika insha hii nitajaribu kukuonyesha kwamba pumba zina thamani kubwa kuliko jina lake, na kwamba katika safari ya kutoka kwenye dona kwenda kwenye sembe, na kutoka msituni kwenda kwenye shamba la zao moja, binadamu amebadilisha zaidi ya sura ya nchi. Amebadilisha pia maisha ya viumbe wasioonekana wanaoishi ndani ya utumbo wake mwenyewe.

Wakazi tusiowaona

Ndani ya mwili wa mtu mzima mmoja wamo bakteria wanaokadiriwa kufikia trilioni 38, idadi inayokaribiana na ile ya chembe hai za mwili wenyewe. Wengi wao huishi katika utumbo mpana. Mtu wa kwanza kuwaona bakteria na kuwaeleza alikuwa Antonie van Leeuwenhoek, mfanyabiashara wa vitambaa wa mji wa Delft, Uholanzi, aliyejitengenezea lenzi zake mwenyewe. Mwaka 1683 aliwaandikia wanazuoni wa Royal Society ya London kuhusu viumbe wadogo aliowakuta katika utando wa meno yake. Miaka 200 baadaye, mwaka 1885, daktari Theodor Escherich alieleza bakteria aliowakuta katika kinyesi cha watoto wachanga, na mmoja wao hadi leo huitwa kwa jina lake.

Lakini karne ile ya 19 ilikuwa karne ya vita dhidi ya vijidudu. Louis Pasteur na Robert Koch walikuwa wamethibitisha kwamba bakteria huleta maradhi, na ugunduzi huo uliokoa maisha ya watu wasiohesabika. Kwa hiyo neno bakteria likaingia katika vitabu vya shule likiwa jina la adui. Huenda hata wewe ulifundishwa hivyo katika shule ya msingi. Ulichofundishwa ni kweli, ila ni nusu ya ukweli.

Nusu ya pili ni hii. Tumbo la binadamu haliwezi kusaga kila kitu. Maganda ya nafaka, nyuzinyuzi za mboga, ngozi ya maharagwe na sehemu ngumu za mizizi hupita katika utumbo mwembamba bila kumeng'enywa, zikafika katika utumbo mpana. Huko ndiko wakazi wetu wanakozisubiri. Bakteria huzichachusha nyuzinyuzi hizo, na katika kazi hiyo hutoa asidi ndogo ndogo, mojawapo ikiitwa butireti. Butireti ndiyo chakula kikuu cha chembe zinazotandaza ukuta wa utumbo mpana, na husaidia kutuliza uvimbe ndani ya ukuta huo. Bakteria hao hutengeneza pia baadhi ya vitamini, huziba nafasi ambazo vijidudu vya maradhi vingezikalia, na huifundisha kinga ya mwili kutambua nani ni rafiki na nani ni mvamizi. Sisi huwapa makao na chakula. Wao hutulipa kwa kazi. Wakati chakula chao kinapokatika, baadhi yao hugeuka na kula ute unaolinda ukuta wa utumbo.

Posho na Kariakoo

Turudi katika historia. Mahindi si mmea wa Afrika. Asili yake ni Amerika, nayo yalifika katika bara letu baada ya mabaharia wa Ulaya kuvuka bahari ya Atlantiki mwishoni mwa karne ya 15. Jina lake la Kiswahili lina mnasaba na Uhindi, kwa maana watu wa pwani waliyaona kama kitu cha kutoka ng'ambo. Kabla ya hapo, na kwa muda mrefu baada ya hapo, chakula cha nchi zetu kilikuwa cha aina nyingi: wimbi, mtama, viazi vikuu, ndizi, kunde, mboga za majani zilizoota zenyewe na matunda ya porini.

Utawala wa kikoloni uliyapenda mahindi kwa sababu ya hesabu. Unga wake ulisafirishwa kwa urahisi, ulipimwa kwa kibaba, na uliweza kulisha watu wengi kwa gharama ndogo. Wajenzi wa reli, vibarua wa mashamba makubwa na askari wote walipimiwa posho. Katika Vita Kuu ya Kwanza, kati ya mwaka 1914 na 1918, Waingereza waliwakusanya wapagazi wengi sana wa Afrika Mashariki katika kikosi kilichoitwa Carrier Corps. Jina hilo la kigeni lilipotamkwa na Waswahili likawa Kariakoo, na leo ni jina la soko na mtaa mashuhuri wa Dar es Salaam. Makumi ya maelfu ya wapagazi hao hawakurudi makwao. Waliowaua zaidi si risasi bali maradhi, na kuhara damu kulikuwa miongoni mwa maradhi yaliyoongoza. Maji machafu na uchovu vilichangia. Nao unga wa mgawo, uliopikwa haraka bila kuiva na kuliwa na watu waliozoea ndizi au vyakula vingine laini, ulihesabiwa miongoni mwa sababu. Nakuomba ulikumbuke jambo hili kila unapolitaja soko lile. Mwili wa binadamu hauhamishwi kutoka chakula kimoja kwenda kingine kama mzigo unavyohamishwa bega.

Baada ya vita mahindi yaliendelea kutanuka. Mashine za kukoboa zilifika, na unga mweupe ukawa alama ya ustaarabu. Bibi yangu alikuwa na jiwe la kusagia wimbi, na sisi wajukuu tuliona haya kumwona mgeni akila ugali wake mweusi. Tulipopata fedha tulinunua unga mweupe. Hatukujua kwamba tulikuwa tukiwanyima chakula wakazi wa tumboni.

Daktari wa Mulago

Jambo hili liligunduliwaje? Sehemu ya jibu iko hapa Kampala, katika hospitali ya Mulago. Daktari Hugh Trowell, Mwingereza, alifanya kazi Kenya kuanzia mwaka 1929 kisha Uganda kwa miaka mingi. Mwaka 1960 alichapisha kitabu kuhusu maradhi yasiyoambukiza barani Afrika, ambamo alieleza kwamba maradhi mengi yaliyojaza wodi za Ulaya yalikuwa machache sana miongoni mwa Waafrika aliowatibu.

Mwenzake, Denis Burkitt, mzaliwa wa Enniskillen huko Ireland, alifika Uganda mwaka 1946. Alikuwa daktari mpasuaji mwenye jicho moja, kwa kuwa jingine alilipoteza kwa ajali utotoni. Kazi yake ya kwanza ilikuwa Lira, kisha akahamia Mulago. Ulimwengu wa tiba unamkumbuka kwa saratani ya watoto aliyoieleza mwaka 1958, ambayo hadi leo hutajwa kwa jina lake. Lakini baada ya kurudi Uingereza katika miaka ya 1960 alishughulika na swali jingine. Kwa nini katika miaka yake yote ya upasuaji Uganda alikutana kwa nadra na kidole tumbo, bawasiri na saratani ya utumbo mpana, ilhali maradhi hayo yalikuwa ya kila siku London?

Burkitt aliziandikia hospitali nyingi za vijijini barani Afrika akiziomba takwimu. Tena alifanya jambo ambalo wengi waliliona la aibu: alipima choo. Mwaka 1972, pamoja na wenzake, alichapisha matokeo. Wanavijiji wa Uganda walitoa takriban gramu 470 za choo kwa siku, na chakula kilipita mwilini mwao kwa muda usiofika siku mbili. Waingereza waliopimwa, waliokula mkate mweupe na sukari, walitoa gramu 100 hivi, na chakula kilikaa mwilini mwao zaidi ya siku tatu. Burkitt alihitimisha kwamba kilichokosekana katika chakula cha Ulaya ni nyuzinyuzi. Kwa maneno yetu ya leo, Waingereza walikuwa wametupa pumba.

Ni haki kusema kwamba ushahidi wake ulikuwa na mapengo. Mtu wa kijijini mwenye saratani huenda hakufika hospitalini kabisa, na wengi walifariki kabla ya kufikia umri ambao maradhi hayo hujitokeza. Aidha, Burkitt alitazama zaidi uzito na mwendo wa choo. Kazi ya bakteria ilikuja kueleweka vizuri baada yake. Hata hivyo njia aliyoifungua ilikuwa sahihi.

Wiki mbili za kubadilishana sahani

Mwaka 2015 watafiti walichapisha jaribio ambalo Burkitt, aliyefariki mwaka 1993, angelifurahia. Walichukua Wamarekani weusi 20 wa mji wa Pittsburgh na Waafrika 20 wa vijijini Afrika Kusini, wakawabadilishia vyakula kwa wiki mbili. Wamarekani walipewa chakula chenye nyuzinyuzi nyingi na mafuta machache. Wanavijiji walipewa nyama na vyakula vya mafuta kwa mtindo wa Marekani, na nyuzinyuzi zao zikapunguzwa kutoka gramu 66 hivi kwa siku hadi 12.

Wiki mbili si muda mrefu. Ni nusu ya likizo yako fupi. Lakini zilitosha. Kwa Wamarekani kiasi cha butireti kiliongezeka zaidi ya maradufu, na dalili za uvimbe katika ukuta wa utumbo zikapungua. Kwa wanavijiji wa Afrika Kusini mambo yalikwenda kinyume: butireti ikapungua kwa nusu hivi, na viashiria vinavyohusishwa na hatari ya saratani vikapanda. Makundi yote mawili yalikuwa na asili ya Afrika. Damu yao haikubadilika katika wiki hizo mbili. Sahani ndiyo iliyobadilika, na bakteria wakabadilisha kazi yao pamoja nayo.

Je, anayebadilika haraka hivyo hawezi kurudi haraka vilevile? Hapo ndipo penye hofu. Mwaka 2016 watafiti wa Marekani walieleza jaribio la panya waliopandikizwa bakteria wa utumbo wa binadamu. Panya waliolishwa chakula kisicho na nyuzinyuzi walipoteza aina nyingi za bakteria. Kizazi cha kwanza kiliporudishiwa nyuzinyuzi, sehemu kubwa ya aina hizo ilirejea. Lakini hali hiyo ilipoendelea hadi kizazi cha nne, aina nyingi zilikuwa zimetoweka kabisa, na nyuzinyuzi peke yake hazikuweza kuzirudisha. Mama hawezi kumrithisha mwanawe kile ambacho yeye mwenyewe amekwisha kukipoteza. Binadamu si panya, na hatupaswi kuruka kutoka kizimba cha maabara hadi kijiji kizima. Hata hivyo jaribio hilo linatuonya kwamba kuna hasara ambazo kujuta hakuzirudishi.

Kutoka sahani hadi ardhi

Hadi hapa tumezungumzia chakula. Lakini chakula hutoka wapi? Hutoka ardhini. Kwa hiyo anayebadilisha ardhi amekwisha kubadilisha sahani, na anayebadilisha sahani amebadilisha utumbo.

Tuwatazame jirani zetu Wahadza, wanaoishi kando ya Ziwa Eyasi kaskazini mwa Tanzania. Wao ni watu wapatao elfu moja na ushei, na baadhi yao bado huishi kwa kuwinda, kuchimba mizizi, kuchuma matunda madogo ya porini, kurina asali na kula ubuyu. Mwaka 2014 watafiti walilinganisha bakteria wa Wahadza 27 na wale wa Waitalia 16 wa mji wa Bologna. Wahadza walikuwa na aina nyingi zaidi, zikiwemo zinazofaa kwa kuchachusha mimea migumu. Ajabu ni kwamba watu wazima wa Kihadza hawakuonekana kuwa na kundi moja la bakteria ambalo Ulaya huuzwa katika maziwa kwa sifa ya kuleta afya. Basi hakuna orodha moja ya bakteria wema kwa dunia nzima. Kila jamii hufuga wale wanaoifaa ardhi yake.

Utafiti mwingine wa mwaka 2017 uliongeza jambo la kuvutia. Bakteria wa Wahadza hufuata majira. Wakati wa masika, asali na matunda madogo yanapokuwa mengi, aina fulani hupungua hadi zisionekane. Wakati wa kiangazi, nyama na vyakula vingine vya msimu huo vinaporudi, nazo hurejea. Na aina hizo zinazokuja na kuondoka ndizo hasa ambazo ni adimu au hazipo kabisa kwa watu wa nchi za viwanda. Tumbo la Mhadza, kwa maneno mengine, bado lina kalenda ya mvua na jua.

Lakini kalenda hiyo inahitaji pori. Katika karne moja iliyopita Wahadza wamepoteza sehemu kubwa ya ardhi yao kwa mashamba na malisho ya mifugo. Mbuyu unaozungukwa na shamba la vitunguu huenda ukaendelea kusimama, lakini wanyama hawaji tena kivulini mwake. Panapokosekana mizizi na nyama, unga wa mgawo huingia. Hapa pia neno posho lingefaa. Kuna tumaini: mwaka 2011 jamii za Kihadza katika Bonde la Yaeda zilipata hati ya kimila ya kumiliki pamoja zaidi ya hekta 20,000. Hati hiyo iliandikwa kwa ajili ya ardhi, nayo imelinda pia utajiri ambao haukutajwa ndani yake.

Hata wanyama wanashuhudia. Katika milima ya Udzungwa, kusini zaidi nchini Tanzania, wapo mbega wekundu wasiopatikana mahali pengine duniani. Mwaka 2015 watafiti walionyesha kwamba mbega wa msitu uliohifadhiwa vizuri walikuwa na aina nyingi zaidi za bakteria tumboni kuliko mbega wa kipande cha msitu kilichoharibiwa na kuzungukwa na mashamba. Mbega hala chipsi wala hanunui dawa dukani. Kilichobadilika kwake ni msitu tu.

Nasi Waganda tusiwatazame Wahadza kama watu wa mbali. Mwaka 1991 msitu wa Bwindi ulifanywa hifadhi ya taifa, na Wabatwa walioishi humo kwa vizazi vingi walitolewa. Sokwe wa milimani walipata ulinzi, jambo ambalo sote tunajivunia. Lakini Wabatwa walipoteza asali, viazi vya mwituni, matunda na dawa zao kwa pamoja, na wengi wakabaki kando ya msitu bila ardhi ya kulima. Kulinda mazingira huku ukimwondoa mtu aliyekuwa sehemu yake ni kuponya jicho kwa kuumiza sikio.

Vidonge viwili viwili

Kuna badiliko jingine ambalo halitoki shambani bali dukani. Mwaka 1928 Alexander Fleming aliona kwamba kuvu fulani ilikuwa imeua bakteria katika kisahani chake cha maabara London. Kutokana na ugunduzi huo ilipatikana penisilini, na baada yake antibiotiki nyingi. Dawa hizi ni miongoni mwa neema kubwa alizopata binadamu. Fleming mwenyewe, alipopokea Tuzo ya Nobel mwaka 1945, alionya kwamba atakayezitumia kwa dozi pungufu atawafundisha bakteria kuzistahimili.

Miaka michache iliyopita mwanafunzi wangu mmoja aliniambia kwamba tumbo lilimsumbua. Nilipomuuliza amekunywa nini, alitoa mfukoni karatasi yenye vidonge viwili vya antibiotiki. Alikuwa amenunua vinne kwa fedha aliyokuwa nayo, akameza viwili, akabakiza viwili vya siku nyingine. Hakuna daktari aliyempima. Sikumkemea, kwa sababu mimi pia nilikua nikifanya hivyo, na muuzaji hakutuuliza swali.

Antibiotiki haichagui kama tunavyodhani. Inapomfuata adui hupita katika mtaa mzima, ikiwaua na wakazi wema. Kwa watu wengi wakazi hao hurudi baada ya wiki au miezi, ingawa si lazima wote warudi. Wanaobaki ni wale walioweza kuistahimili dawa, nao huzaana. Mwaka 2019 usugu wa bakteria dhidi ya dawa ulikadiriwa kuwa chanzo cha moja kwa moja cha vifo milioni 1.27 duniani, na nchi za Afrika zilizo kusini mwa Sahara ndizo zilizolemewa zaidi. Dawa hizo hizo hutumika katika mabanda ya kuku na ng'ombe, mabaki yake yakaingia kwenye udongo na mito. Hivyo hata asiyewahi kumeza kidonge anaweza kuletewa bakteria sugu na maji ya kunywa.

Tusidanganyike na ya kale

Kabla sijafunga, ninakutahadharisha na kosa moja. Usije ukasema kwamba mwalimu amesema tuachane na hospitali, sabuni na maji safi, turudi tulikotoka. Zamani watoto wengi walizikwa kwa sababu ya kuhara, na hata leo watoto wa Kihadza hufariki kwa wingi kuliko wale wa mijini. Kipindupindu hakina wema wowote. Choo bora, chanjo na maji yaliyochemshwa ni ushindi usiopaswa kurudishwa nyuma.

Hata dona ina masharti. Mahindi yasiyokaushwa vizuri huota kuvu inayotoa sumukuvu, na sumu hiyo hujikusanya zaidi katika ganda na kiini, yaani mle mle katika pumba. Mwaka 2004 watu 125 walifariki mashariki mwa Kenya kwa kula mahindi yenye sumu hiyo. Anayetaka kurudisha pumba mezani sharti kwanza arudishe ghala kavu na turubai la kuanikia. Tena si kila maradhi ya leo yanatokana na bakteria wa tumboni. Umri, urithi, kazi na umaskini navyo vina sehemu yake, na wanasayansi bado wanatenganisha sababu na dalili.

Tunalolijua linatosha kwa mwananchi kuchukua hatua. Sisi husema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wenyewe upo katika mambo ambayo raia ana sauti nayo. Upo katika kamati ya wazazi inayoamua kama shule itanunua unga mweupe peke yake, au itachanganya wimbi, maharagwe na mboga. Upo katika sheria ya dawa, ambayo ina nguvu pale tu wanunuzi na wauzaji wanapoiheshimu. Upo katika mkutano wa kijiji unaojadili kipande cha msitu kilichobaki: je, kikatwe chote kwa ajili ya miwa, au kiachwe? Katika vikao hivyo hakuna atakayesimama kuwasemea bakteria. Itabidi uwasemee wewe, kwa kuwa kuwasemea wao ni kuusemea mwili wako na wa watoto utakaowazaa.

Kwa zoezi la wiki hii, nenda kwa mzee wa nyumbani kwenu, bibi au babu, umwombe akutajie vyakula alivyokula akiwa na umri wako. Viandike kwa Kiswahili, kimoja kimoja, pamoja na mahali vilipopatikana: shambani, msituni, ziwani au dukani. Kisha andika orodha ya vyakula ulivyokula wewe wiki hii. Ziweke orodha hizo mbili ubavuni mwa nyingine, uhesabu. Mimi nilifanya hivyo na bibi yangu kabla hajafariki. Orodha yake ilijaza ukurasa mzima, na yangu ilikuwa na mistari tisa, ambayo wa kwanza wake ulikuwa posho.